Mkwe Aliyeachiwa kwa Neno Lake

Jumatano, tarehe tisa Aprili. Mvua ilianza kabla hakujakucha, ikanyesha ile ya kutulia, isiyo na upepo, na kulipokucha mfereji wa mbele ya nyumba yetu hapa Nyasho, Musoma, ulikuwa umejaa mpaka juu. Nilivaa kandambili, viatu nikavifunga kwenye kanga kuukuu, nikaenda mahakamani.

Siku hiyo kesi ya mkwe wangu, mume wa binti yangu, ilikuwa inatajwa. Alikuwa nje kwa kujidhamini mwenyewe, na tulishasikia kwamba upande wa mashtaka wanataka kuomba arudishwe mahabusu. Nitaeleza ilivyokuwa. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya sheria nayasema kama nilivyoyasikia, na inawezekana kuna mahali nimesikia vibaya.

Mkwe wangu ni mvuvi wa dagaa. Kwao ni upande wa Bunda, ila kwa miaka mingi amekuwa mtu wa kambini, kule kwa wavuvi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, anakuwa kisiwani Rukuba na taa zao usiku kucha. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki, basi anavuka kuja kwa mkewe, kwenye chumba walichokuwa wamepanga Bunda mjini. Mtumbwi si wake. Ni wa tajiri mmoja, maana huku mwenye mtumbwi na taa tunamwitaga tajiri hata kama suruali yake ina kiraka. Asubuhi moja betri za taa hazikuwepo mtumbwini. Waliolala karibu na mtumbwi walikuwa wawili. Mmoja akatoweka na hajaonekana mpaka leo. Mkwe wangu akabaki, na aliyebaki ndiye aliyekamatwa.

Kama aliiba au hakuiba, mimi sijui. Binti yangu anasema hakuiba. Tajiri anasema walishirikiana, mmoja akaondoka na mzigo na mwingine akabaki kupoteza watu maboya. Nimejaribu kumfikiria kila mmoja kwa upande wake na bado sijafika popote. Mtu anaweza kubaki kwa sababu hana kosa. Anaweza pia kubaki kwa sababu ana akili kuliko mwenzake. Na tajiri si mtu mbaya. Bila betri mtumbwi hauingii majini, na wale wote wanaomtegemea wanakaa kambini wakitazamana. Hata siku ya kwanza mahakamani alinisalimia vizuri, akaniuliza mama yangu anaendeleaje.

Kosa lenyewe lilikuwa na dhamana. Tatizo halikuwa dhamana kukataliwa, tatizo lilikuwa wadhamini. Walitakiwa watu wawili, kila mmoja na kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji. Mtendaji wa kijijini kwao mkwe alisema tangu aje kazini pale hajawahi kumwona mtu huyo. Sikuweza kumlaumu, kweli hajawahi kumwona. Mwenye nyumba wa Bunda alisema hawezi kusimama kwa mpangaji anayemwona mwezi ukiwa mkubwa tu. Watu wa kambini ni watu wa tajiri. Kaka yangu anayekaa Butiama alikuwa tayari, lakini yeye ni mmoja. Mimi kitambulisho changu hakijatoka, nina namba tu, na namba hawakuitaka.

Basi akakaa mahabusu. Binti yangu akarudisha chumba cha watu, akachukua watoto akaenda kwa kaka Butiama kulima mihogo. Kesi ikawa inatajwa, inaahirishwa, inatajwa.

Hakimu alikuwa mwanamke, umri wake naweza kusema ni wa binti yangu, na kwa namna anavyoongea si mtu wa huku. Siku moja aliinua uso akamuuliza mkwe, "Wewe, mbona wenzako wote wanatoka na wewe kila siku unarudi?"

"Sina wadhamini, mheshimiwa."

"Huna ndugu?"

"Ninao, mheshimiwa. Ila hakuna anayenijua."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Akamuuliza kama amewahi kufungwa, akasema hapana. Akamuuliza ana watoto wangapi, na polisi walipomfuata walimkuta wapi. Akasema walimkuta palepale mtumbwini, anatengeneza wavu. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema ziwa lile halina geti, mtu akishapanda mtumbwi kesho yuko Ukerewe, keshokutwa yuko Kenya. Nami niliona kwamba ana haki ya kusema hivyo. Lakini hakimu akasema kutokuwa na wadhamini peke yake si sababu ya kumweka mtu ndani mpaka kesi iishe. Akasema atajidhamini mwenyewe. Asaini, aondoke, arudi kila tarehe anayopangiwa. Asivuke maji. Na akae sehemu moja hapahapa Musoma, ijulikane.

"Utakaa wapi?"

Mkwe akanyamaza.

"Nakuuliza, ukitoka hapa unakwenda kulala wapi? Bunda mmerudisha chumba. Butiama ni mbali, nataka ukihitajika upatikane. Hapa mjini huna mtu?"

Akaangalia chini. Mimi nilikuwa benchi la nyuma kabisa, nimekaa nyuma ya nguzo ili asinione. Nilijua kwa nini hajibu. Mtu pekee aliyenaye Musoma ni mama wa mke wake, na kwetu mwanamume hawezi kusema mbele ya watu kwamba atalala kwa mama mkwe. Mkwe na mama mkwe hawalali paa moja. Hawali pamoja. Hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anapisha, anageukia majani mpaka mwenzake apite. Hatufanyi hivyo kwa chuki. Ni heshima, na binti aliyelelewa vizuri hataki kuona mumewe na mama yake wamekaa wanatazamana.

Hakimu alishachukua kalamu. Nikasimama. Sikupanga kusimama.

"Atakaa kwangu, mheshimiwa. Nyasho."

Kaka alikuwa kando yangu. Alinivuta kanga nikakaribia kukaa sakafuni.

Tulipotoka nje alinishukia. "We dada, una wazimu? Utalala na mkweo nyumba moja?"

"Sasa ulitaka arudi ndani?"

"Sikutaka arudi ndani. Nilitaka ukae kimya, apatikane mtu mwingine wa kusema."

"Nani? Mbona wewe hukusema?"

"Mimi niko Butiama!"

Tukabishana mpaka watu wakawa wanatuangalia. Mwishowe akatulia, maana kaka akishasema yake yote anatuliaga, akaniuliza nyumba yangu ikoje siku hizi. Nikamwambia vyumba viwili, kimoja analala mama yetu, cha pili ndiyo sebule, ninalala mimi, na jiko liko nje peke yake. Akafikiri. Akasema mkwe asilale jikoni, jiko la mama mkwe lina mwiko mkubwa kuliko nyumba. Basi alale sebuleni, mimi nihamie jikoni. Jiko lina paa lake. Paa lake, ukuta wake, hakuna wa kusema kitu.

Ndivyo tulivyofanya. Nilihamisha magunia ya mkaa upande mmoja nikatandika godoro upande wa pili. Nanukia moshi, lakini nalala.

Mama yangu ndiye aliyefurahi. Bibi wa mke hana miiko na mume wa mjukuu. Wao ni watani. Kila jioni akisikia mlango anaanza.

"Mume wangu umefika? Umeniletea nini?"

"Leo sijapata kitu, bibi."

"Sasa mwanamume gani wewe? Mjukuu wangu alikupendea nini? Au ni hayo masikio?"

"Bibi, masikio umeyaonea wapi, na macho yako hayo?"

"Nimeyashika siku ya harusi! Nikasema huyu ni sungura, lakini basi, amelipa mahari."

Mimi nikiwa jikoni nasikia vicheko, nacheka peke yangu na mwiko mkononi. Nikishapika, naweka chakula mlangoni nagonga sufuria, narudi. Shemeji zangu wote waliishi hivyo na mama wakwe zao, hakuna aliyekufa.

Ila yeye alizidisha. Au labda niseme alifanya vile ambavyo mtu mwenye aibu anafanya. Alikuwa anatafuta vibarua vya kusaidia mafundi, na ili asipishane nami uani, anatoka kabla mimi sijafungua mlango wa jiko. Jioni anasubiri mpaka giza liwe limeingia ndiyo anarudi. Mimi nami asubuhi nakwenda Mukendo, ninakouza samaki wa kukaanga. Nyumbani mchana anabaki mama tu. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipokuja kutazama kama kweli yule mtu anakaa pale, alimkuta mama amelala. Akaja tena, akamkuta mama macho lakini anamuuliza yeye mwenyekiti kama ndiye amekuja kumposa. Majirani walipoulizwa wakasema ukweli wao, hawajamwona mwanamume yeyote. Habari ikamfikia tajiri, tajiri akaipeleka kwa mwendesha mashtaka. Hapo tena siwezi kumlaumu mtu. Ningekuwa mimi nimepotelewa na betri, halafu niambiwe mshtakiwa haonekani alikosema anakaa, ningenyamaza?

Sasa narudi kwenye ile Jumatano ya mvua. Mkwe alitangulia mahakamani. Nilipofika nilijua yupo kwa sababu karani alipoita alisikika akiitika. Nami nilikaa nyuma ya nguzo yangu. Kaka hakuweza kuja, barabara ya Butiama magari yalikuwa yanachelewa kwa mvua.

Mwendesha mashtaka alisema mshtakiwa alipewa sharti la kukaa Nyasho, na taarifa waliyonayo ni kwamba hakai huko. Akaomba hakimu afute kujidhamini kwake, arudi mahabusu mpaka kesi isikilizwe. Alisema kwa upole, wala hakumtukana.

Mkwe akasema, "Nakaa, mheshimiwa."

"Nani anathibitisha?"

Hakimu akatazama mabenchi. "Yule mama aliyesema atakaa kwake, yupo?"

Nikatoka nyuma ya nguzo. Nilisimama ubavu, ili nisimkabili yeye kizimbani.

"Mama, huyu mtu analala kwako?"

"Analala, mheshimiwa."

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

Hapa ndipo ningeweza kusema jana. Nilijua kwamba nikisema jana yameisha. Nilijua pia kwamba alilala kwangu jana, kwa hiyo wala usingekuwa uongo mkubwa. Lakini kabla ya swali walinishikisha Biblia, na swali lilikuwa nimemwona lini.

"Sijamwona, mheshimiwa."

"Hujamwona jana?"

"Sijamwona tangu siku ile mlipomwachia. Na siku ile nilimwona mgongo."

Mahakama nzima ikacheka. Mwendesha mashtaka alifungua mikono tu, kama mtu anayesema mimi sina la kuongeza. Nilisikia kizimbani mkwe akivuta pumzi. Nikaona nimemfunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Mpaka sasa sina hakika kama nilisema vile kwa sababu napenda ukweli au kwa sababu niliogopa Biblia. Sidhani kama ni kitu kimoja.

Aliyeomba kusema ni tajiri. Alinyoosha mkono kule mbele, hakimu akamruhusu.

"Mheshimiwa, mimi betri zangu nazitaka, na huyu bado nasema alizichukua. Ila hapo mama hasemi kwamba hayupo. Mkwe hatazamwi huku kwetu. Hata mimi mama mkwe wangu nina miaka sijui mingapi sijamtazama, ukiniletea na wengine watano simjui."

"Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na mkwewe nyumba moja asimwone?"

"Nyumba moja hawakai, mheshimiwa. Huyo mama sijui amefanyaje."

"Nalala jikoni," nikasema.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mama, sasa kama humwoni, unajuaje kwamba yupo?"

Nikamweleza ninavyojua. Nikasema usiku namsikia anakohoa, ana kikohozi cha mahabusu ambacho bado hakijaisha. Asubuhi nakuta ndoo zimejaa maji, na mimi sikuyateka. Chakula ninachoweka mlangoni nakuta sufuria tupu imeoshwa, na mama yangu hajawahi kuosha sufuria tangu apate fimbo. Viatu vyake vya kazini vinakaa barazani vina zege. Na jioni namsikia anatukanana na bibi.

"Bibi anamwona?"

"Bibi ana ruhusa ya kumwona, mheshimiwa. Ila ana mtoto wa jicho."

Walicheka tena, na safari hii hakimu naye alifunika mdomo. Kisha akaandika. Sikumbuki kila neno alilosema. Alichosema kwa ufupi ni kwamba mshtakiwa amekuja kila tarehe bila kufuatwa, hata leo na mvua hii. Kwamba yeye hakimu hajaona kama sharti limevunjwa, kwa hiyo mshtakiwa ataendelea kuwa nje. Lakini kwamba yeye aliyemwachia ndiye atakayeulizwa siku akipotea, na hawezi kujibu watu kwa habari ya ndoo.

"Mama, mila zenu naziheshimu. Lakini kuanzia leo umwone. Kila siku, kwa macho yako. Mwenyekiti akija kukuuliza, umwambie nimemwona. Ukishindwa, useme sasa hivi, nitafute njia nyingine, na njia nyingine niliyonayo wewe unaijua."

Nikasema sitashindwa. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia nirudie.

Tajiri tulikutana mlangoni, wote tunasubiri mvua ipungue. Nikamshukuru. Akasema, "Usinishukuru, mama. Kesi ikianza nitasema yangu yote." Nikamwambia aseme. Akaniuliza tena kuhusu mama yangu.

Nilimpigia kaka simu. Nilidhani atapiga kelele, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi mwone. Ila usikae ukamkodolea."

"Nitamkodoleaje?"

"Nakujua. Wewe ukiambiwa ufanye kitu unakifanyaga mpaka kinapitiliza."

Jioni mkwe alirudi kabla ya giza. Nilimsikia anaburuta viatu barazani, ana haraka ya kuingia. Mama yangu alikuwa ameshapata habari zote kwa jirani. "Mume wangu, leo unaonyeshwa kama ng'ombe wa mnadani! Umeoga lakini?" Hakumjibu. Ndipo nilipojua kwamba ameogopa kama mimi.

Nilivaa kanga ya pili, nikajitanda mpaka karibu na macho. Nikachukua sufuria ya chakula, na badala ya kugonga mlangoni na kurudi nikasimama kizingitini. Mguu sikuuingiza ndani.

"Mkwe," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita nikiwa karibu hivyo. "Nimeambiwa nikuone."

"Ndiyo, mama. Nilisikia."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza ukutani, fulana ameivuta mpaka shingoni. Alijaribu kugeuka, akaishia nusu. Nikamwona upande mmoja wa uso. Amekonda, taya limetoka. Ana mvi juu ya sikio, na mimi siku zote nilikuwa namfikiria kama yule kijana aliyekuja kuposa. Nilitazama kama uso ule ni wa mwizi, nikiri hivyo, nikaona tu uso wa mtu aliyefanya kazi ya zege siku nzima. Sikuona zaidi ya hapo, na sitaki kujidai niliona.

"Nimekuona," nikasema.

"Asante, mama."

"Kesho asubuhi usitoke kabla sijaamka. Ukinawa tu, ukohoe, nitafungua mlango niangalie, halafu nenda zako."

"Sawa, mama."

"Na mimi je?" mama yangu akasema kutoka chumbani kwake. "Mimi nani ananiona? Chakula kinapoa!"

Nikaweka sufuria sakafuni, nikasukuma kwa mkono mpaka ikapita kizingiti, nikarudi jikoni. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Wao walikula ndani, mimi nilikula jikoni juu ya gunia la mkaa. Ulikuwa ugali wa udaga, ule wa unga wa mihogo iliyovundikwa, na mchuzi wa furu, samaki wadogo wa ziwani, na mchicha kidogo uliobaki wa jana.